Mkono Uliofundishwa Kula

Tangu kiharusi kimpitie, Bi Mwanabaraka hakuuamini tena mkono wake wa kulia. Si kwamba ulikuwa mgonjwa. Uliougua ni wa kushoto, ule ulionyong'onyea asubuhi moja akiwa amesimama jikoni, ukaachia kikombe cha maziwa, ukabaki unaning'inia kama mkono wa kanzu iliyoanikwa. Wa kulia ulisalimika, na balaa lote lilianzia hapo. Mkono ukibaki mmoja hauna budi kufanya kazi zote, za kwenye chakula na za chooni.

Yeye alizaliwa Mambrui, pwani ya Kenya, na huko mtoto hafundishwi hilo mara mbili. Mkono wa kulia hula, hupokea, hupeana na watu salamu. Wa kushoto hutawaza chooni. Kwa miaka sitini na moja hakuwahi kuzichanganya kazi hizo, hata kwa bahati mbaya, hata gizani. Sasa mkono uleule ulikuwa ukienda naye chooni, ukirudi ukaoshwa kwa sabuni mara tatu, mara saba, kisha ukakaa mbele ya wali kama kwamba hautoki popote. Alizikata kucha mpaka zikatoa damu. Alivisugua vidole kwa ndimu na chumvi mpaka ngozi ikachanika. Na bado, kila alipoupeleka mdomoni, alinusa kitu ambacho hakuna mwingine nyumbani mle aliyekinusa, na tonge likamgandia kooni.

Dini haikumbana. Alimpigia simu sheikh wa msikitini akajifanya anamuulizia mama mmoja jirani, na sheikh akamjibu kwa upole kwamba mgonjwa ana udhuru, atumie mkono alionao, ajisafishe, ale, amshukuru Mola wake. Bi Mwanabaraka akashukuru, akakata simu, akaenda kuosha mkono tena. Dini ilikuwa imemruhusu. Lililokataa ni tumbo.

Nyumbani walijaribu kumsaidia. Mwanawe Aiman, fundi wa viyoyozi, ambaye ndiye aliyemleta Houston, Marekani, alipofiwa na mumewe, alimfungia mpira wa maji ubavuni mwa choo. Ulipoonekana hautoshi, akaleta kiti cha choo cha umeme kinachorusha maji chenyewe kwa kubonyeza kitufe. Bi Mwanabaraka alikikalia mara moja tu. Alisema kinatema mate kama mlevi, na kwamba maji bila mkono hayajamsafisha mtu tangu dunia iumbwe. Tasnim, mke wa Aiman, akamnunulia glavu za mpira. Hizo ndizo zilizomtia kichefuchefu zaidi, maana ndani yake mkono ulihisi kila kitu, na joto lake. Mwisho Tasnim, kwa kuinamisha macho, akamwambia angeweza kumtawaza yeye, si kitu, yeye ni mtoto wake.

"Siku ya kuoshwa na mtu mwingine itakuja, mwanangu," Bi Mwanabaraka alimjibu, "na siku hiyo sitakuwa na habari."

Wala hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Mumewe aliugua miezi saba, naye alimgeuza, akamfuta, akamfulia, kwa mikono mitupu, na baada ya hapo akala vizuri. Kila mkono ulikuwa na kazi yake. Tofauti ilikuwa hiyo tu.

Kilichomuuma kuliko vyote ni sinia. Kila Jumapili wanawake wa pwani waishio mtaa wa Sharpstown hukusanyika kwa Mwatumu, Mzanzibari mwenye mdomo na mkono mzuri wa pilau, wakasoma, wakaomba dua, kisha wakakaa chini watano watano kuzunguka sinia. Bi Mwanabaraka hakuweza kuutia mkono ule kwenye chakula cha wenzake. Aliona ni kama kuwalisha uchafu bila wao kujua. Basi akaanza kuja na sahani yake na kijiko chake, akakaa karibu na mlango, akasingizia mgongo.

"Mwacheni," Mwatumu alisema Jumapili moja, akigawa nyama. "Bi Mwanabaraka ameshapata karatasi za uraia. Sinia letu limekuwa la washamba."

Wenzake walicheka, naye akacheka nao. Angewaambia nini? Alirudi nyumbani akamwomba Mungu jambo moja tu, na alilirudia kila sala kuanzia siku ile: mkono wa kushoto urudi kwenye kazi yake, wa kulia upate kutoharika, na yeye arudi kwenye sinia.

Mwezi wa pili wa mwaka 2019, Tasnim aliona tangazo ukutani pale hospitalini alikokuwa akifanya kazi ya usafi. Watafiti walitaka watu waliopata kiharusi zaidi ya miezi sita nyuma na mkono mmoja ukabaki dhaifu. Aiman akapiga simu, akampeleka mama yake, wakaingizwa kwenye chumba chenye meza, viti na mashine ndogo isiyozidi redio ya mfukoni.

Daktari wa utafiti alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye viatu vya raba, akiitwa Dokta Phuong. Alieleza polepole na Aiman akatafsiri. Hakuna kisu wala sindano. Umeme mdogo sana, usiotosha hata kuwasha taa ya friji, ungepitishwa juu ya ngozi ya kichwa, upande wa kulia, kwa kuwa huo ndio unaouendesha mkono wa kushoto. Wakati umeme unapita, mkono ungefanya mazoezi. Ubongo ukisukumwa kidogo hivyo, huenda ukalishika somo upesi. Alilisema hilo neno "huenda" mara tatu, na Bi Mwanabaraka akampenda kwa hilo. Tena kulikuwa na mambo mawili. Wagonjwa wengine wangepata umeme kweli, wengine wangewashwa kichwani dakika ya kwanza tu kisha mashine ikae kimya, na hakuna ambaye angejua yuko kundi gani mpaka utafiti wote uishe. La pili, mkono wa kulia ungefungwa ndani ya glavu nene isiyo na vidole, kama ile ya kutolea trei kwenye oveni, kwa muda wa saa sita kila siku, ili wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Siku kumi, wiki mbili.

"Anauliza, Mama," Aiman alisema, "ni kitu gani kimoja unachotaka mkono uweze kufanya. Hicho ndicho watakachokufundisha."

Bi Mwanabaraka alimtazama mwanawe. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, kofia ameiweka gotini kwa heshima. Jibu alikuwa nalo, tayari, la maneno mawili. Lakini mama hawezi kumwambia mwanawe wa kiume amwambie mtu baki kwamba anataka kutawaza.

"Mwambie nataka nirudi kula na wenzangu," alisema.

Ilikuwa kweli, nusu yake. Dokta Phuong akatabasamu, akaandika, akapigia mstari. Mkono wa kushoto ujifunze kula.

Siku ya kwanza Aiman hakuruhusiwa kuingia. Hospitali ilikuwa na mkalimani wake, na sheria ilitaka huyo huyo. Aliitwa Alida, Mrundi, Mkatoliki mwenye msalaba mdogo shingoni na Kiswahili cha kambi ya wakimbizi ya Tanzania alikokulia. Alimwita Mama, akafunga pazia, akamsaidia kufungua ushungi.

Vikaja visponji viwili vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kimoja kiliwekwa juu ya sikio la kulia, kingine juu ya jicho la kushoto, vikafungwa kwa mkanda wa mpira. Maji yakamchuruzika nyuma ya sikio mpaka ndani ya kola, ya baridi, yenye harufu ya kitambaa cha kudekia. Aliuliza kama visponji vile vilikuwa vimeshakaa kwenye vichwa vya watu wengine. Alida akauliza, akajibiwa kwamba kila mgonjwa ana vyake kwenye mfuko wenye namba. Bi Mwanabaraka akataka auone mfuko. Akaletewa. Akausoma, akaurudisha.

Mashine ilipowashwa, ngozi ya kichwa ilianza kutembea kama chawa wanaohama. Baada ya dakika chache mwasho ukafifia. Akaanza mazoezi: kuokota maharagwe, kugeuza karata, kuchomeka vijiti kwenye matundu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito na wa kijinga, ila ulikwenda. Kisha Dokta Phuong akaleta bakuli la ndizi zilizopondwa, akalisogeza mbele ya mkono ule. Wa kulia ulikuwa ndani ya glavu, umetulia kama mfungwa.

Alielewa anachotakiwa kufanya. Alitaka kusema bismillahi, ikamkwama. Angeianzaje kwa mkono ule? Vidole viliingia kwenye ndizi, vikatoka vinanata, vikapanda vikitetemeka mpaka midomoni. Alimeza kwa kuwa daktari alikuwa akimtazama kwa matumaini. Halafu akasimama, akalifikia pipa la taka, akatapika.

Dokta Phuong alizima mashine na kuandika kwenye karatasi kwamba umeme umemletea mgonjwa kichefuchefu.

Siku ya pili alijizuia. Siku ya tatu akatapika tena. Nyumbani alitakiwa ale kwa mkono huohuo na kuandika kila alichokula, naye alikuwa ameahidi, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Alijifungia chumbani na bakuli la wali, akafumba macho, akala kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Na mkono, astaghfirullahi, ukajifunza. Siku ya nne ulikusanya tonge, ukalibana, ukalifikisha bila kudondosha punje. Tasnim aliyechungulia mlangoni akapiga makofi kwa furaha. Bi Mwanabaraka alijihisi kama aliyeona panya amepanda mezani na watu wanamshangilia.

Siku ya tano ndizi hazikufika hata mdomoni. Aliziona tu kwenye vidole, akageukia pipa. Dokta Phuong alimfuta uso mwenyewe. Akasema, kupitia kwa Alida, kwamba amesikitika sana, lakini umeme unamdhuru na hawezi kuendelea naye. Atampigia mkuu wake simu, waangalie namna ya kumtoa kwenye utafiti. Akatoka na simu mkononi.

Mlango ulipofungwa, Bi Mwanabaraka aliona sinia likienda zake.

"Alida," alisema, "huo umeme haunidhuru hata kidogo."

"Sasa ni nini, Mama? Unatapika kama mwenye mimba."

"Ni mkono. Huu hauli. Huu ni wa chooni."

Alida alimtazama bila kuelewa, kisha akaanza kuelewa. Bi Mwanabaraka akayasema yote akiutazama ukuta: sabuni, ndimu, glavu, sahani ya pembeni, na Aiman aliyekaa na kofia gotini. Alisema anachotaka ni kutawaza kwa mkono wake wa kushoto kama alivyofundishwa na mama yake, basi, hakuna zaidi.

Bega la Alida likaanza kutikisika. "Mama. Wiki nzima wanakulisha kwa mkono wa chooni, na wewe unameza tu?"

"Unanicheka."

"Ninacheka, ndiyo. Nisamehe." Alijifuta macho. "Mimi niliosha wazee Arlington miaka mitatu, kwenye nyumba yao ya kutunzwa. Najua kila kitu cha huko nyuma. Karatasi tu, karatasi, karatasi."

"Nyinyi watu wa karatasi," Bi Mwanabaraka alisema kwa uchungu, "sijui mnalalaje."

"Tunalala vizuri sana. Kambini maji yalikuwa ya kunywa, Mama. Ungetawaza, ungekufa kwa kiu ukiwa safi."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue mtu kumtania kuhusu jambo lile, na ndiyo mara ya kwanza lilipopungua uzito. Akamwambia basi amwite daktari arudi, amweleze, yeye atafumba macho.

Dokta Phuong alisikiliza. Hakucheka wala hakukunja uso. Alivuta kigoda, akakaa, akauliza maswali kama fundi anayepima mlango: mkono unatokea mbele au nyuma? Anakaa au anachuchumaa? Mpira wa maji unashikwa na upi? Kidole gani kinatangulia? Bi Mwanabaraka akajibu yote macho yamefumba. Alipoyafumbua, ile karatasi ya kula ilikuwa imekatwa mstari na nyingine imeanza kuandikwa.

Jumatatu ilipofika, juu ya kiti palifungwa puto kubwa, na puto limepakwa kitu cha kahawia. Dokta Phuong alieleza kwamba hivyo ndivyo wanavyofundishwa watu kujifuta. Bi Mwanabaraka akasogea, akanusa, akarudi nyuma.

"Hii si siagi ya karanga?"

Ilikuwa siagi ya karanga.

"Mwambie hapana," alimwambia Alida. "Chakula alichotupa Mungu nikifanye kinyesi? Wiki iliyopita mmenifanya nile kwa mkono wa choo, wiki hii mnapaka chakula chooni. Hakuna kitu ambacho watu hawa wanakiacha mahali pake?"

Alida alifupisha alipotafsiri. Siagi ikafutwa, likaletwa povu la kunyolea ndevu, naye akakubali. Siku tano zilizobaki, visponji vikimchuruzikia shingoni, aliufundisha mkono ule kuzunguka nyuma ya nyonga, kugeuza kiganja, kufuata maji, kupangusa, kurudi. Mkono wa kulia ulitolewa kwenye glavu ushike mpira tu. Alichoka mpaka jasho likamtoka, bega likauma, povu likaingia mpaka kwenye mikono ya gauni. Ilikuwa kazi ya kinyaa, lakini ilikuwa kinyaa cha mahali pake, na hakutapika hata mara moja. Siku ya kumi Dokta Phuong alimshukuru na kumwambia barua ya kueleza alikuwa kundi gani ingekuja baada ya miezi mingi.

Jumamosi aliingia chooni, akafunga mlango. Alikaa humo dakika arobaini. Tasnim aligonga mara mbili kuuliza kama ameanguka. Mkono ulichelewa, ukakosea njia, ukarudi, ukakosea tena, kisha ukafika, ukafanya kazi yake yote peke yake, vizuri, kwa maji. Alitoka, akaosha mikono yote miwili, akauleta wa kulia puani. Ulinukia sabuni, basi. Alisujudu hapo hapo kwenye zulia la ukumbini, na Tasnim, asiyejua kitu, akamngojea ainuke.

Jumapili alikwenda kwa Mwatumu bila sahani na bila kijiko. Walisoma, wakaomba dua, masinia yakaletwa. Alipowaona wanampisha kwa mazoea pale karibu na mlango, alipita, akakaa chini katikati ya wenzake wanne, magoti yakigusana na ya jirani.

"Eh," Mwatumu alisema, "mzungu wetu ameteremka."

"Nimeteremka," alisema. "Nisogezee mchuzi."

Wakacheka, na safari hii alicheka kwa moyo. Akasema bismillahi, akatia mkono wa kulia kwenye pilau iliyo mbele yake. Vidole vitatu, tonge dogo, iliki na mafuta. Lilishuka bila kugombana na koo lake. La pili likashuka. Jirani yake akampa gilasi ya maji ya ukwaju, naye akaipokea kwa mkono wa kulia, kama inavyopasa, akaiinua anywe.

Alikuwa bado anakunywa alipoona wenzake wameacha kula. Mwatumu, upande wa pili wa sinia, mkono wake ulikuwa umesimama hewani. Bi Mwanabaraka akafuata macho yao, akashusha gilasi.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya sinia. Hakuutuma. Ulikuwa umeona chakula mbele yake na mwenzake hayupo, ukafanya ulivyofundishwa: umekusanya, umebana, na sasa ulikuwa ukipanda na tonge safi kabisa la pilau, bila kutetemeka, bila kudondosha punje moja, umeshafika kifuani. Vidole vilevile vya jana asubuhi. Hapakuwa na haja ya kungoja barua ya Dokta Phuong, mkono ule ulikuwa umefundishwa kwa umeme wa kweli.

Nyongo ikampanda. Akaimeza. Kutapika pale, mbele ya sinia la watu, lisingekuwa kosa la umeme.

Aliweka gilasi chini polepole. Kwa mkono wa kulia aliukamata wa kushoto kifundoni, akaushusha, akaufungua vidole kimoja kimoja mpaka tonge likaanguka kwenye kitambaa. Kisha akachukua kijiko kikubwa cha kupakulia, akaizungushia mstari mpana sehemu yake yote ya pilau, na zaidi ya sehemu yake, akaikomba yote kwenye sufuria tupu iliyokuwa kando. Sinia likabaki na pengo jeupe mpaka kwenye bati.

"Hiyo ni ya kutupwa," alisema. "Msiiguse. Mkono huu umefundishwa kula na watu wasiojua, na aliyewadanganya ni mimi."

Mmoja wa wanawake alikuwa ameushika mdomo wake kwa upindo wa ushungi, na haikujulikana kama ni cheko au kinyaa. Mwatumu, bila neno la mzaha, akaukomba wali wa upande wake kwa kiganja cha kulia na kuusukuma taratibu mpaka ukalijaza lile pengo.

"Kula," alisema.

Bi Mwanabaraka aliuingiza mkono wa kushoto chini ya paja lake, akaukalia kwa uzito wake wote. Akasema bismillahi upya, akatia wa kulia. Alikula na wenzake mpaka sinia likaisha, uso umetulia, akijibu anapoulizwa. Na wakati wote huo aliuhisi ukifanya kazi chini yake, vidole vikikusanya kitambaa cha gauni, vikibana, vikiachia, vikikusanya tena.